Mtoto wa Lamu aende chuo kikuu kusomea Kiswahili, kwani nyumbani hana?

Barua

Assalam aleikum Mwalimu, natumai hujambo wewe na wako huko Malindi. Mie ni mama wa watoto wanne, nakaa Langoni hapa Lamu, nakuandikia saa hizi za usiku watu wamelala maana mchana siwezi, nyumba haina utulivu tangu matokeo yatoke.

Binti yangu mkubwa, tumuite Mwanaisha ingawa silo jina lake, kapata B kwenye mtihani wa kidato cha nne. Tulifurahi wallahi, baba yake ambaye si mtu wa maneno alitoka mwenyewe akanunua halua akawagawia watu barazani. Furaha yenyewe haikumaliza wiki. Ami yake yuko Mombasa, ana ofisi ya kutoa mizigo bandarini, akapiga simu akasema huyu mtoto asomee mambo ya lojistiki, karo yote juu yangu, akimaliza ana meza yake ofisini kwangu, na sasa kuna bandari hapo Kililana kwa hivyo baadae atarudi afanye kazi kwao kabisa alale kwa mamake. Hebu niambie Mwalimu, Mungu akupe nini tena? Mwanaisha akakataa. Na hakukataa kwa kuzungukazunguka kama tulivyofundishwa sisi, alikataa palepale simu ikiwa sikioni. Ati yeye anataka digrii ya Kiswahili na historia, na tangu siku hiyo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Ami yake alicheka mpaka akakohoa. Akasema tangu lini mtu wa Lamu akaenda chuo kikuu kusomeshwa Kiswahili, si anacho nyumbani, hiyo ni sawa na samaki kwenda kusomea kuogelea. Akasema tena, Ustadh Nabhany Mungu amrehemu alikuwa bingwa wa lugha, maprofesa wakimfuata yeye, je digrii yake ilikuwa ya wapi? Na serikali yenyewe inataka asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari ya juu waende kwenye sayansi, ama sisi wa Langoni tunajua kuliko serikali?

Mie sikuwa na jibu. Na kusema kweli nusu nakubaliana naye. Kuna kijana wa jirani ana digrii ya sanaa huu mwaka wa nne, kutwa yuko jeti ya Mokowe anashusha mizigo ya watu. Na huyu wangu ukimuuliza utafanya kazi gani anajibu mambo siyaelewi. Juzi ananambia, mama wewe wajua nyimbo za harusi hamsini na zaidi, zote ziko kichwani, lakini hujui nani alizitunga wala lini wala kwa nini bibi harusi aimbiwe maneno yale. Niliona kama nimetukanwa, nikamwambia nyimbo ni za kuimbwa hazina baba. Usiku nikalala macho juu, nafikiria, kweli nani alizitunga?

Baba yake ni fundi wa milango ya nakshi na yeye ndiye chanzo, maana tangu mtoto yuko mdogo alikuwa anakaa naye karakana, baba hii nakshi yaitwaje, baba hii ilitoka wapi, naye akimjibu anayoyajua, asiyoyajua anasema "ndivyo tulivyoikuta". Sasa maji yamezidi unga, nikimuuliza yeye ananambia "ongeeni nyinyi".

Nina maswali matatu tu. Hiyo digrii ya sanaa ina faida yoyote au ni karatasi ya kutundika ukutani? Nina bangili mbili za dhahabu za marehemu mamangu, niziuze nimsomeshe mwenyewe? Na ami yake nimjibu vipi bila kuvunja udugu, maana ametufaa mara nyingi, na mama mkwe yuhai, atasikia.

Mama mkwe mwenyewe ana mkoba wa makaratasi ya zamani chini ya kitanda, ya herufi za Kiarabu, Mwanaisha kila siku ataka kuufungua bibi yake anamfukuza. Sijui hata kwa nini nimekuambia hilo, limekuja tu.

Mama mtu, Langoni

Jibu

Waaleikum salaam Mama mtu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nilipofika kwa huyo samaki anayesomea kuogelea nikacheka peke yangu kama mwehu, kwa sababu maneno kama hayo niliambiwa mimi mwaka 1985 kwenye baraza la nyumba yetu Mkomani, na mjomba wangu mwenyewe, ila yeye alisema ni kupeleka chumvi baharini. Kwa hivyo nitakujibu, lakini ujue sijibu kama hakimu. Kesi hii na mie nimo.

Nilikwenda chuo Nairobi kusomea ualimu, Kiswahili na historia, na nilikwenda na kiburi changu kizima. Wenzangu wengi walikuwa watu wa bara, tukipewa tenzi za kale za Amu, ndiyo Lamu yetu, na Pate wao jasho lawatoka, kila mstari kamusi, kila mstari kuuliza. Mie nimekaa nyuma natafuna karanga. Mato ni macho, ndia ni njia, kuteka ni kucheka, moya ni moja, kuna nini hapo, hivyo si vitu nimezaliwa navyo? Mpaka siku moja mhadhiri akanigeukia, wewe wa Lamu, hebu tueleze kwa nini kwenu ni mato na Unguja ni macho. Nikasema, ndivyo tusemavyo. Akasema hilo tumeshalisikia, nimeuliza kwa nini. Nikanyamaza, karanga mdomoni. Msichana mmoja wa Kakamega akanyoosha mkono akaeleza polepole kwamba kuna utaratibu, pale penye ch ya Kiunguja mara nyingi Kiamu kina t, ndiyo tukapata mato na kuteka, penye nj kuna nd, ndiyo ndia, penye j mara nyingi kuna y, ndiyo moya, ndiyo kuya, na wataalamu wakizipanga herufi hizo lahaja kwa lahaja wanaona ipi ina udugu na ipi na zipi ziliachana zamani. Mtoto wa Kakamega Mama mtu! Anajua ya nyumbani kwetu, nami mwenye nyumba natafuna karanga. Sijapata kuaibika vile, na mpaka leo karanga sizipendi.

Unaona, "ndivyo tusemavyo" yangu na "ndivyo tulivyoikuta" ya mumeo ni neno moja. Si vibaya kulisema, fundi hahitaji kujua zaidi ya hapo ili mlango utoke mzuri. Lakini binti yako analiona hilo neno kama mlango wenyewe, yeye ataka kujua nyuma yake kuna nini. Ami akisema mtoto wa Lamu Kiswahili anacho, mwambie naam anacho, hata bahari tunayo yote hii na bado hakuna anayepewa chombo avuke nacho kwa kuwa tu alizaliwa ufukweni, huanza kwa kufua maji na kupigiwa kelele miaka.

Tena hilo la Nabhany amelishika kwa upande wa makali, limkate mwenyewe. Kweli yule mzee elimu yake hakuitoa kwenye ukumbi wa mihadhara, aliipata kwa wazee wake, na sisi tukisema runinga ni neno la kwake. Lakini tazama alifanya nini umri wake wote. Aliuliza, akakusanya, akaandika, akahakikisha neno moja moja limetoka wapi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe anayoitaka Mwanaisha! Yeye aliweza bila chuo maana enzi zake wazee wa kuulizwa walikuwa wamejaa mabarazani, leo hesabu mtaani kwako wamebaki wangapi. Na hata huyo Nabhany, utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, unaoeleza jahazi la Lamu linavyoundwa, ulichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979. Chombo cha Lamu, mtunzi wa Lamu, kitabu kinapigwa chapa Leiden. Siwalaumu Waholanzi, walau wao walichapisha. Maandiko ya tenzi zetu za kale, ukiyataka, mengi yako chuo cha SOAS huko London, na mengine chuo kikuu Dar es Salaam, unaomba ruhusa unakaa kwenye meza unaletewa ya babu zako. Wamehifadhi vizuri, Mungu awalipe. Sisi wenye mali ndio nauliza tulikuwa wapi.

Mie nalijua jibu la nyumba yetu. Nikwambie habari ya sanduku.

Nyanya yangu alikuwa na sanduku la mbao ndani, chumba cha mwisho kabisa kule penye kiza, limejaa makaratasi ya herufi za Kiarabu. Alifariki mie niko mwaka wa kwanza chuoni. Nikarudi likizo, nikashuka kwenye boti, nikafika nyumbani, sanduku liko wazi limewekwa mchele. Makaratasi je? Mchwa walikuwa wameanza kuyala, na wanaume wa nyumba wakafanya inavyofanywa, kwa kuwa herufi zile huenda zimebeba jina la Mwenyezi Mungu hazitupwi jaani, wakayatia kwenye gunia pamoja na jiwe, wakaenda nayo mkondoni upande wa Manda wakayazamisha kwa heshima zote na dua. Hawakukosa adabu, adabu ndiyo hiyo. Ila hakuna aliyeyasoma kwanza, na nilipouliza yalikuwa yameandikwa nini, watu watano wa madrasa wote, mmoja alisema ni Kurani, mwengine akasema dua, mwengine akasema mahesabu ya mtumba wa mikoko, na mjomba, yule wa chumvi, akasema ni nyimbo nyimbo tu za marehemu.

Na usidhani hawakusoma kwa uvivu. Kiswahili cha herufi za Kiarabu ni kigumu hata kwa aliyehitimu Kurani. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu, kwa hiyo i na e huandikwa sawa, u na o sawa, alafu p haimo kabisa, waandishi wengi wa kale waliweka b mahali pa p na hata mahali pa mb. Sasa neno bibi, neno pepe na neno pembe yote matatu yaweza kukaa kwenye karatasi kwa sura moja! Utajuaje ni lipi? Ni lazima ujue lugha ya wakati ule, ujue mizani ya shairi, ujue kituo kinaishia kwa sauti gani, ujue mwandishi alikuwa anazungumza na nani. Hayo huyapati kwa kuzaliwa Mkomani. Nilijifunza kuyasoma baada ya miaka mitatu chuoni na kwa sheikh mmoja aliyenivumilia, na nilipokuwa tayari sanduku lilikuwa na mchele.

Najua utasema, Mwalimu hizo ni hadithi nzuri lakini mie nimeuliza kazi. Naja huko. Kwanza nikurudishe kwenye hiyo bandari ya ami. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi kama 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa uvuvi wao na ujenzi wa bandari ileile. Wengi wanakumbuka hizo hela tu. Lakini majaji waligusa na utamaduni, wakasema haki za watu wa Lamu kwenye utamaduni wao zimevunjwa na mji wenyewe, ambao tangu 2001 uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, haukupangiwa ulinzi wa maana. Mwaka uliofuata, 2019, baraza la mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokuwa kijengwe Kwasasi, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Mambo kama haya hayashindwi kwa kulia barazani. Mawakili wanahitajika, wataalamu wa bahari wanahitajika, siwanyimi haki yao. Lakini kabla ya hapo lazima apatikane mtu wa kukaa na mzee wa miaka themanini akamsikiliza habari ya mikondo na majina ya mikondo, akajua hapa mzee anasema alichokiona na hapa anasema alichohadithiwa, akakilinganisha na karatasi za zamani, alafu akakiandika kwa lugha jaji wa Nairobi ataielewa bila kumfanya mzee aonekane mjinga. Hiyo ni kazi ya historia na ya lugha. Mizigo itapita kwenye meza ya ami, sawa na heri nyingi, ila nani alikuwa akivua pale kabla gati la kwanza halijafunguliwa mwaka 2021, hilo halimo kwenye fomu ya forodha hata moja.

Haya, na huyo kijana wa jeti ya Mokowe. Yupo, tena wako wengi, na mie niliwafundisha baadhi yao kwa hiyo naumia nikiwaona. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, digrii ya sanaa haina meza inayokungoja kama ya ami. Lakini nikwambie nilichokiona miaka yote hii darasani. Wengi walioingia sanaa hawakuitaka, waliangukia tu, pointi zao hazikufika walikotaka wakaambiwa basi kuna hii. Wakasoma notisi za mwenzao, wakafaulu, wakatoka hawajawahi kusoma kitabu kizima kwa hiari wala kuandika kurasa tano zenye hoja moja iliyosimama. Huyo hata ungempa ya uhasibu ingekuwa vilevile. Alafu kuna kosa la pili ambalo ni la ujinga tu na linaumiza watu kila mwaka, hawaangalii ni digrii ya aina gani. Mwanaisha akitaka kuja kufundisha sekondari, achukue Ualimu wa Sanaa, masomo mawili ya kufundishia, na TSC, tume inayoajiri walimu, huangalia masomo hayo mawili alipata angalau C+ kwenye mtihani wa kidato cha nne, kwa hivyo toa ile karatasi ya matokeo uangalie Kiswahili na historia ana ngapi, usingoje kuambiwa baadae. Akichukua sanaa tupu bila ualimu alafu abadilishe nia, itabidi arudi kusoma diploma nyingine ya ualimu juu yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza leo si "utafanya kazi gani", hilo mtoto wa miaka kumi na minane atakujibu lolote ili umuache. Muulize unataka kufundisha au hutaki? Hapo kozi itajichagua.

Kama hataki, milango ipo ila ya kusukumwa. Tarjuma na ukalimani, Umoja wa Afrika ulipitisha Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi Februari 2022 na mikutano hiyo lazima mtu akae kibandani kutafsiri. Mahakamani, katiba yetu ya 2010 kifungu cha 50 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila kulipa, na mkalimani mbovu anafunga mtu asiye na makosa. Redio, uhariri wa vitabu, ofisi za kaunti zinazotoa matangazo ya Kiswahili ambayo hata mie mwalimu siyaelewi. Makumbusho nayo, ila usijengee tumaini hapo peke yake, nafasi ni chache na Lamu wote tunajuana. Na ajifunze kompyuta vizuri, kupiga picha nyaraka, kuziorodhesha, aandike na Kiingereza kilichonyooka, asije akadhani kupenda Kiswahili ni kuchukia hayo mengine.

Kuhusu serikali na asilimia 60, sina ugomvi, tunahitaji madaktari, hospitali zetu unazijua. Lakini serikali haijasema asilimia 40 wakae nyumbani, na njia nyingine mbili za sekondari ya juu ni sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Ami akumbuke kuhesabu mpaka mia.

Sasa Mama mtu kabla hujamruhusu wala hujamkatalia, mjaribu. Nyimbo zako zile za harusi. Mwambie achague mmoja tu, akurekodi kwa simu, aandike maneno kama yalivyoimbwa bila kuyatengeneza. Alafu aende kwa mama mmoja Mkomani na mama mwingine Shela, wamwimbie huohuo. Ataona maneno hayafanani, mwengine ana ubeti ambao wewe huna, mwengine kabadilisha jina. Aandike kurasa nne, ni wapi panatofautiana na yeye anadhani kwa nini, na nani kati yenu yaelekea ana maneno ya zamani zaidi. Mpe wiki tatu. Akifika ukurasa wa pili akaanza kuchoka na kusema mama simu imeisha chaji, basi alikuwa anapenda jina la kozi, mpeleke kwa ami na shukrani. Akikuamsha saa sita usiku kukuuliza neno moja, umeshajibiwa. Na hizo kurasa zikiisha zisome wewe mwenyewe, maana naona lile swali lake la nani alizitunga limekuuma pazuri.

Bangili usiuze. Si mwaka wa kwanza. Kwanza aingie kwenye mfumo wa KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, aombe kwa wakati, akikosea kuna muda wa kurekebisha machaguo, na baadae kuna kuhama chuo kwa utaratibu wao. Aombe udhamini wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ajaze ukweli kuhusu kipato cha nyumbani, watu wengi hapa pwani huona haya kuandika kwamba hawana alafu wakanyimwa. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, aangalie kozi zao, sio lazima Nairobi kwenye kodi za nyumba zile. Ukifika mwaka wa tatu mambo yamekaza kweli, chumba na chakula, uza moja, na yeye ajue umeuza. Ya pili ni ya kwake siku yake.

Ami usimjibu wewe. "Ongeeni nyinyi" imekwisha muda wake, mwambie baba Mwanaisha hivyo, mwambie mwalimu kasema. Ni ndugu yake, apande basi aende Mombasa mwenyewe, sio simu, abebe na kitu cha kuchonga kwa mkono wake. Amshukuru kwanza kwa muda mrefu, asiharakishe. Asimwambie umekataliwa. Amwombe mtoto akae ofisini kwake likizo moja kabla ya chuo, apange mafaili, ajue mizigo inavyotoka, hilo halimdhuru na ami atakuwa amemsaidia, heshima yake imebaki. Na ile meza isipotee, una watoto wengine watatu, kuna mmoja hapo huenda hesabu anazipenda na hajaulizwa. Ila mkimchukulia karo ya huyu alafu akasomea msichokubaliana, hilo ndilo litakalovunja udugu, kwa hivyo karo ya Mwanaisha iachwe nje ya mazungumzo kabisa.

Na huo mkoba wa mama mkwe, nashukuru umekuja tu, mie nilipofika hapo kwenye barua yako nilisimama. Mwanaisha asiufungue kwa nguvu wala kwa kuvizia bibi yake akiwa msalani. Amkalie karibu amkande miguu amuulize nani alimpa, siku gani, alikuwa akimsomea nani. Kuna vikongwe wanafukuza watoto kwa sababu hakuna aliyewauliza vizuri. Siku atakayokubali, kila karatasi ipigwe picha mbele na nyuma, hata iliyo tupu, zikae kwa mpangilio uleule mlioukuta. Na mkisikia mchwa wameanza, tafadhali Mama mtu, mtu yeyote asipeleke gunia mkondoni kabla ya hapo. Mie nakuja Lamu kwa Maulidi inshallah. Mama mkwe akiridhia ningependa nije nikae naye tu kidogo, sitashika kitu.